Sura ya Shahidi na Neno la Shahidi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika barza ya tawi. Tumeombwa tuichape ili iwafikie na ndugu zetu wa shamba.)



 

Swali tulilopewa kulijibu usiku huu ni hili: hakimu akishasema katika hukumu yake kuwa amemwamini shahidi fulani na hakumwamini fulani, jee, mahkama ya rufaa ina uwezo gani juu ya neno hilo? Swali si la wanasheria peke yao. Baada ya uchaguzi, na baada ya mikutano iliyovunjwa, wapo watu wetu waliosimamishwa kizimbani kwa ushahidi wa mtu mmoja au wawili. Wakitoka na hukumu mkononi, utawasikia wakisema moja ya kauli mbili. Wapo wasemao, "Hakimu amemwamini askari, basi yamekwisha." Na wapo wasemao tangu kesi haijaanza, "Naahukumu atakavyo, tutakwenda rufaa na huko tutasafishwa." Kauli zote mbili zimepotoka, na kwa rai yetu ya pili ndiyo yenye khatari zaidi, kwani wa kwanza amekata tamaa baada ya kesi kwisha, na huyu wa pili ameizembea kesi ingali hai.

Sisi si mawakili. Elimu yetu ni ya chuoni na ya daftari la dukani. Lakini hukumu za mahkama si siri, na tumezisoma zile tulizozipata, na palipotushinda tumewauliza wenye kujua. Tunayoyasema ni hayo.

Tuanze na asili ya jambo. Hakimu wa mahkama ya kwanza humwona shahidi kwa macho yake. Huisikia sauti, huona anavyosita na anavyojibu kwa haraka, huuona uso unapoulizwa lile usilolipenda. Mahkama ya rufaa, ila kwa nadra, haimwiti shahidi. Hupelekewa jalada: maneno yaliyoandikwa, vielelezo vilivyotolewa, na hukumu. Ni mfano wa mtu aliyeandikiwa barua juu ya ngoma iliyopigwa kijiji cha pili: ataambiwa nani alicheza na nani alituzwa, lakini mdundo hakuusikia.

Kwa sababu hiyo majaji wa Uingereza waliweka kanuni. Mwaka 1927, katika kesi ya meli zilizogongana baharini, Lord Sumner alieleza kuwa jaji wa rufaa, kwa kutowaona mashahidi, daima yumo katika upungufu mbele ya mwenziwe aliyewaona, wala asijasiri kuipindua rai yake ila idhihirike kuwa mwenziwe yule ameshindwa kuitumia fursa aliyokuwa nayo au ameitumia vibaya. Mwaka 1947 wakahukumu kesi ya mume na mke wa Scotland. Mke alidai talaka kwa ajili ya ukatili. Jaji wa kwanza aliwasikiliza wote akamkatalia. Mahkama ya rufaa ya huko huko ikalisoma jalada ikampa. Mambo yakafika Baraza la Malodi mjini London, nalo likairejesha hukumu ya yule jaji wa kwanza aliyewaona watu kwa macho.

Kanuni hiyo ikapanda meli ikaja pwani yetu. Mwaka 1958 Mahkama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki, ambayo na Unguja ilikuwa chini yake, ilihukumu kesi baina ya Bwana Peters na gazeti la Sunday Post. Raisi wa mahkama, Sir Kenneth O'Connor, alisema kuwa ni jambo zito kwa mahkama ya rufaa kukhitalifiana na jaji aliyewaona na kuwasikia mashahidi. Uwezo wa kufanya hivyo upo, lakini ni wa kutumiwa kwa tahadhari. Mahkama ile iliondoka mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika. Mwaka 1979 ikaanzishwa Mahkama ya Rufaa ya Tanzania, nayo ndiyo ipokeayo rufaa kutoka Mahkama Kuu ya Zanzibar, isipokuwa mambo yaliyoanzia kwa Kadhi na yale ya kuifasiri Katiba ya Zanzibar. Mahkama ilikufa, lakini kanuni haikufa pamoja nayo.

Hapa wengi wetu husimama, wakadhani mlango umefungwa. Lakini mwaka 1957, mwaka mmoja kabla ya kesi ya Peters, mahkama ile ile ilitoa hukumu nyengine katika kesi ya Pandya, na hiyo haitajwi barazani. Humo ilisemwa kuwa mwenye kukata rufaa ya kwanza ana haki ya kuona ushahidi wote ukipimwa upya, na mahkama ya rufaa ikifikia rai yake yenyewe, huku ikikumbuka kuwa haikuwaona mashahidi. Mwaka 1972, katika kesi ya Okeno iliyotoka Kenya, neno hilo likakaririwa kwa mkazo zaidi. Kwa hiyo jaji wa rufaa ya kwanza akiandika mistari miwili tu, kuwa hakimu amewaamini mashahidi na yeye haoni sababu ya kuingilia, hajatimiza kazi yake, na hilo lenyewe ni sababu ya kulalamika mbele zaidi.

Basi kanuni mbili hizi hukaa vipi nyumba moja? Jawabu lililo wazi kabisa tuliloliona ni la Mahkama ya Rufaa ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 28 ya mwaka 2000. Majaji walisema kuwa ukweli wa shahidi ni milki ya mahkama ya kwanza kwa upande wa mwonekano wake tu, yaani sura, sauti na mwenendo wake kizimbani. Lakini shahidi hupimwa kwa njia mbili nyengine pia: kwa kutazama kama maneno yake yanashikamana yenyewe kwa yenyewe, na kwa kuyalinganisha na maneno ya mashahidi wengine pamoja na ya mshitakiwa. Njia mbili hizi hazihitaji macho. Zinahitaji jalada. Na jalada liko mbele ya jaji wa rufaa kama lilivyokuwa mbele ya hakimu.

Sisi tuliposoma maneno hayo hatukustaajabu, kwani waliokaa chuoni wakaisoma Sura ya Yusuf wameyakuta humo. Ndugu zake Yusuf walimjia baba yao usiku wakilia. Nani angewaona na machozi yale asiwaamini? Lakini walileta na kanzu yenye damu ya uongo, na wafasiri wanasimulia kuwa Nabii Yaakub aliitazama kanzu akaiona nzima, akastaajabia mbwa mwitu aliyekuwa mpole kiasi hicho, amle mtoto na asiichane nguo yake. Macho yalilia, kanzu ikakanusha. Na katika sura hiyo hiyo, mke wa mheshimiwa alipomsingizia Yusuf, hawakutazamwa nani anatetemeka na nani ametulia. Ilitazamwa kanzu imechanika mbele au nyuma. Yapokewa tena kuwa mwanamke mmoja alifika kwa Kadhi Shurayh wa Kufa kumshitaki mtu, akalia sana. Al-Shaabi aliyekuwapo akasema, "Naona huyu amedhulumiwa." Shurayh akamjibu kuwa ndugu zake Yusuf nao walikuja wakilia.

Na hao Waingereza wenyewe hawakuwa wote na imani moja juu ya sura ya shahidi. Mwaka 1924, katika kesi ya bima ya meli, jaji Atkin alisema kuwa wakia moja ya uzito uliomo ndani ya ushahidi wenyewe, ukilinganishwa na mambo yanayojulikana, yashinda ratili nyingi za mwonekano. Neno hilo kwa mwenye mizani dukani halina haja ya tafsiri. Huko Australia mwaka 2003 mahkama yao ya juu ilihukumu kesi ya mpanda farasi aliyegongana na gari njiani. Jaji wa kwanza alimwamini mpanda farasi, kuwa gari ndilo lililotoka upande wake. Lakini alama za magurudumu barabarani zilionesha kuwa gari lilipofunga breki lilikuwa upande wake wa haki. Rufaa ikaipindua hukumu, na mahkama ya juu ikakubali ipinduliwe, kwa kuwa imani ya jaji juu ya uso wa mtu haiwezi kuzifuta alama zilizoko ardhini. Na mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Bond na DePaulo, walikusanya tafiti zilizofanywa juu ya watu wanaojaribu kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza. Walipata kiasi cha mara 54 katika kila 100. Mwenye kurusha shilingi hewani atapata 50.

Tusifahamike vibaya. Kanuni ya kumheshimu hakimu aliyeona haikuwekwa kwa ajili ya kutukomoa, na siku nyengine ndiyo ngao yetu. Hakimu akimwachia mwanachama huru kwa kuwa hakuwaamini mashahidi wa serikali, na serikali ikakata rufaa, ni kanuni ile ile itakayosimama mlangoni kumkinga. Mwenye kutaka ivunjwe leo ajue ataikosa kesho. Tunalolidai ni kuwa ikae ndani ya mpaka wake.

Na mpaka huo una maana kubwa zaidi kwa watu wetu kuliko kwa watu wengi wengine, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni adabu. Mtu wa Micheweni au wa Makunduchi aliyelelewa vyema, akisimama mbele ya mkubwa huinamisha macho. Akiulizwa jambo la aibu husema kwa mafumbo. Mama aliyejisitiri kwa buibui husema kwa sauti ndogo, na uso wake pengine hauonekani. Hakimu aliyekulia penye desturi nyengine, ambako mkweli ndiye anayemtazama mtu machoni, ataandika kuwa shahidi alikuwa akikwepa. Na mwongo hodari, aliyezoea kizimba kama sisi tulivyozoea kaunta, atasimama wima, atajibu kwa ufasaha, naye ataandikiwa sifa. Yapokewa kuwa Sayyidna Umar aliletewa mtu wa kumtolea mwenziwe tazkiya. Akamwuliza: u jirani yake? Umesafiri naye? Umeshughulika naye kwa dinari na dirhamu? Akasema hapana. Umar akamwambia, pengine umemwona msikitini tu akiinamisha na kuinua kichwa, humjui. Hakimu anayemwona shahidi kwa nusu saa hakusafiri naye, wala hakumkopesha.

Ya pili ni lugha. Kwa miaka mingi shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza. Zama za ukoloni mara nyengine hakimu mwenyewe hakukifahamu Kiswahili, akasikia kwa kinywa cha mkalimani; huyo ndiye aliyesemwa kuwa amemsikia shahidi! Tazameni yanayoweza kutokea. Shahidi amesema saa tatu za usiku, mwandishi akaandika tatu kama ilivyo, na kwa hesabu ya Kiingereza hiyo ni saa tisa ya usiku, alfajiri ikikaribia. Shahidi wa pili akaandikwa sawasawa, na huyu wa kwanza akaitwa mwongo. Au shahidi amesema, "Nilikuwa na ndugu yangu," na sote twajua neno ndugu kwetu linabeba mtoto wa baba, mtoto wa ami, mtu wa kijiji, na mwanachama mwenza. Likaandikwa ndugu wa tumbo moja. Akija ndugu mwenyewe akasema mama zao mbali mbali, ikawa khitilafu, na khitilafu ikawa uongo. Aliyesema ni mkweli, na jalada linamtia hatiani.

Ndipo tunapofika kwenye lile tulilolikusudia zaidi. Ikiwa nguvu ya rufaa imo ndani ya jalada, basi rufaa haianzi siku ya kukata rufaa. Huanza siku shahidi wa kwanza anapoapishwa.

Chukueni mfano. Shahidi anasema kuwa usiku wa tarehe 27 ya mfungo fulani, saa tatu, alimwona mwanachama wetu akirusha jiwe, na alimtambua kwa mbalamwezi. Anasema kwa utulivu, na hakimu anampenda. Hapana mvuvi hata mmoja humu asiyejua kuwa mwezi wa tarehe 27 hauchomozi mpaka usiku unakaribia kwisha. Jaji wa rufaa anaweza kuliona hilo akiwa ofisini kwake na kalenda, na hapo mwonekano wa shahidi haumsaidii kitu. Lakini jee, limeandikwa? Ikiwa shahidi hakuulizwa tarehe, wala hakuulizwa aliona kwa mwanga gani, jalada litasema tu kuwa alimwona mshitakiwa na kumtambua. Hapo hakuna mwezi wala giza. Pana neno la shahidi na imani ya hakimu, na kanuni ya mwaka 1958 inakaa juu yake kama jiwe la kusagia.

Mahkama ya Rufaa ya Tanzania iliyataja mambo ya kuulizwa katika ushahidi wa kumtambua mtu tangu mwaka 1980: mwanga ulikuwa wa nini na wa kiasi gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, alimtazama kwa muda gani, palikuwa na kizuizi, na alikuwa akimjua kabla. Mwaka 2002 ikasema kuwa shahidi aliyemtaja mtu mapema, kwenye nafasi ya kwanza aliyoipata, ana uzito; na kinyume chake ni sababu ya kujiuliza. Basi shahidi na aulizwe: siku ile ulimwambia nani? Ulipokwenda kituoni ulilitaja jina? Majibu yake, yakiwa mazuri au mabaya, yataandikwa.

Na ole wake asiyeuliza. Mahkama hiyo imekariri mara nyingi kuwa shahidi akisema jambo kubwa na upande wa pili usimsaili juu yake, jambo hilo huhesabiwa kuwa limekubaliwa, wala haifai kuja kulikanusha baadaye. Mwaka 2006 ikaongeza kuwa kila shahidi anastahiki kuaminiwa isipokuwa pawepo sababu madhubuti ya kutomwamini. Mwanachama aliyekaa kizimbani amekunja mikono, akatikisa kichwa kila uongo unaposemwa, huku akisema moyoni kuwa Mungu anaona, amesema kweli kuwa Mungu anaona. Lakini jaji wa rufaa hakioni kichwa kinachotikisika. Wala tusitegemee wingi wa mashahidi. Sheria ya ushahidi ya Bara Hindi ya mwaka 1872, iliyokuwa mama wa sheria za ushahidi za pande zetu, haikuweka idadi maalumu, na shahidi mmoja akiaminiwa anatosha.

Liko na jambo la hakimu kubadilika njiani, nalo hutokea mara nyingi. Wa kwanza amewasikiliza mashahidi watatu, akahamishwa. Wa pili akasikiliza mmoja, akaandika hukumu kuwa amewaamini wote wanne. Huyo watatu hakuwaona! Katika rufaa ya jinai namba 301 ya mwaka 2013, Mahkama ya Rufaa ilisema kuwa sababu ya kumbadilisha hakimu lazima iandikwe, kwa kuwa aliyemwona na kumsikia shahidi ndiye aliye katika nafasi bora ya kumpima. Hoja iliyokuwa ikitupiga ndiyo hiyo hiyo, na hapo inatusimamia. Vivyo hivyo hakimu akidai shahidi alikuwa akibabaika, na atazamwe kama aliliandika siku ile ile shahidi aliposema. Sheria ya mwenendo wa jinai ya Tanzania Bara ya mwaka 1985, kifungu 212, inamtaka hakimu ayaandike aliyoyaona muhimu juu ya mwonekano wa shahidi. Mwonekano uliokumbukwa miezi sita baadaye, hukumu inapoandikwa, ni deni lisiloandikwa daftarini. Sisi tulio madukani twajua thamani yake.

Neno moja zaidi, kwa wenye kupenda kusema "tutafika mpaka juu." Upimaji mpya wa ushahidi ni haki ya rufaa ya kwanza. Katika rufaa ya pili mahkama hushughulika na sheria, na ikiwa mahkama mbili za chini zimeafikiana juu ya ukweli wa shahidi, ni nadra sana ya tatu kuugusa, ila pakiwa na upotofu mkubwa katika kuufahamu ushahidi au haki ikiwa imepotea. Kwa hiyo hoja ya mwezi, ya saa, na ya neno ndugu, ziwekwe zote katika sababu za rufaa ya kwanza, kila moja na ukurasa wake wa jalada. Kuandika tu kuwa "hakimu amekosea kuwaamini mashahidi" ni kumwambia jaji atafute mwenyewe, naye anayo majalada mengine mezani.

Tawi limekubali kuwa kila Alkhamisi baada ya Alasiri tutakaa hapa hapa pamoja na wenye kesi, tusome nao. Aliyehukumiwa, au jamaa zake ikiwa yumo ndani, na aombe mahkamani nakala ya mwenendo wote wa kesi. Waliokuja wiki zilizopita walileta hukumu peke yake, na hukumu ni maneno ya hakimu. Maneno ya mashahidi yamo katika mwenendo. Anayetegemea kuitwa kutoa ushahidi naye aje, na kama ana cheti cha hospitali, risiti, au kalenda ya mwaka ule, asiviache nyumbani.